Ulimi wa Kuazima

Mama alipotewa na ladha mwezi wa Shaabani,
baada ya ile homa ya wiki tatu.
Chumvi, asali, siki, vyote, akasema,
vimekuwa kama kulamba ukuta.

Hakulia. Alinuna.
Akakaa jikoni kwetu Mabela,
kiyoyozi kikimvumia kisogoni,
akilitazama sufuria
kama mtu aliyeibiwa na anamjua mwizi.

Mimi niko benki, Ruwi, asubuhi mpaka alasiri.
Tui langu la kopo.
Mkate wa kumimina nanunua kwa yule mama wa Al-Khoudh,
nauhamishia kwenye sahani ya nyumbani
wageni wasije wakauliza.
Nilikuwa na miaka arubaini na mbili ya kujifunza.
Nilidhani Mama hana mwisho.

Akamwita Lujaina.
"Niletee mbuzi, tukune nazi."
Mtoto akatoka na jua la saa nane,
akarudi jasho limemtota, kamba mkononi:
"Bibi, mbuzi wa mzee Khalfan amekataa kuja."

Mama alicheka mpaka akashika meza,
kisha akaivuta chini ya kabati
mbuzi yake ya mti, ulimi wake wa chuma na meno,
iliyotoka Wete mwaka sabini na moja
imefichwa ndani ya godoro.
"Huyu hali majani," akasema. "Panda."

Nazi ilikuwa ya Salala.
Mchele ulilala majini usiku kucha.
Uji ulipokuwa tayari, Mama akavuta kiti.
"Sasa niazime ulimi wako. Chovya kidole. Inasemaje?"

"Tamu."

"Hata dawa ya kikohozi tamu. Tamu vipi?"

Mtoto akatafuta neno kwa Kiarabu,
akatafuta kwa Kiingereza cha skuli.
Kiswahili chake kilikuwa cha njoo ule, funga mlango, lala.
Basi Mama akampa moja moja,
kama anamhesabia sarafu kiganjani:
ikikuparuza kooni, huo ukakasi.
Ikipita kama maji, hiyo chapwa.
Ikikutekenya mashavu, inachachuka, hamira imeamka.
Na ikikaa, ikatulia,
ikakataa kuondoka mdomoni, imekolea.

Imekolea. Imekolea.
Alitembea nalo nyumba nzima.
Aliuambia hata mswaki.

Mkate wa kwanza uliungua chini, juu ukabaki uji.
Wa pili ulitoka kama kofia iliyokaliwa.
Wa tatu, Alhamisi,
uliumuka mpaka ukaugusa mfuniko,
na iliki ikanipokea nje, kwenye gari, kabla sijazima injini.

Nikawakuta hivi: Mama amemega kipande,
anatafuna, anatafuna,
macho kwa mjukuu.
"Haya. Nimekula nini?"

Lujaina akafumba macho.
"Iliki imetangulia.
Nazi inakuja nyuma, polepole, kama mtu aliyevaa soksi.
Pembeni umeungua, lakini kuungua kuzuri.
Chumvi ipo, imejificha.
Umekolea, Bibi."

Mama akameza,
akaitikia kwa kichwa
kama mtu aliyesomewa barua kutoka mbali
na kumbe wote wazima.

Nami nimesimama mlangoni,
mfuko wa Al-Khoudh mkononi, bado wa moto.
Hakuna aliyeniuliza.
Nikauweka juu ya friji, nyuma ya birika.
Nikavua viatu vya kazi,
nikakaa juu ya mbuzi, upande upande, sketi ikinibana.

"Lujaina," nikasema, "ukakasi ndio upi?"

Akanipima kwa macho, huyu wa miaka tisa,
akachukua kijiko, akakirudisha.
"Kwanza kanawe," akasema,
kwa lafudhi ya Wete,
isiyo na hata tone la Mabela.